Tabia na Mwenendo

Kila Juni na kila Desemba najaza ripoti za wanafunzi. Upande wa alama za masomo hauna shida, ni kunakili tu kutoka kwenye daftari. Kazi iko kwenye lile jedwali la Tabia na Mwenendo: bidii ya kazi, uthabiti katika kazi, ushirikiano, heshima, uongozi, utii, usafi, uaminifu. Kila kipengele kinataka herufi. Darasa langu lina watoto 87, na walimu wenzangu mnajua ikifika saa kumi na moja jioni tunafanyaje. B, B, C, B, A kwa yule anayetuchotea maji, D kwa yule aliyetujibu ovyo wiki iliyopita. Nakiri.

Mwaka jana nilikuwa natafuta hati ya kiwanja cha marehemu baba, nikafungua sanduku la bati la mama, nikakuta ripoti ya mdogo wangu ya kidato cha pili, mwaka 2006. Hisabati 71, Kiswahili 80, Jiografia 34. Kwenye tabia: uongozi A, ushirikiano A, usafi B, uaminifu B, utii D, uthabiti katika kazi D. Chini mwalimu wa darasa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mchangamfu na ana akili, ila hatulii. Mzazi amfuatilie."

Nilikaa pale sakafuni muda mrefu. Tangu ripoti ile, mdogo wangu ameandikwa na watu wengi: polisi, madaktari wanne, sheikh, wasimamizi wa soba hausi, na mimi mwenyewe. Sijaona aliyemwandika kwa usahihi kuliko mwalimu yule, ambaye pengine naye alikuwa anakimbizana na giza.

Mdogo wangu ana magonjwa mawili kwa pamoja, uraibu wa heroini na bipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia. Ameniruhusu niandike haya kwa sharti moja, nisimwite "mwathirika". Anasema neno hilo linamfanya ajisikie kama nyumba iliyokumbwa na mafuriko. Yeye anajiita teja mstaafu.

Mwaka 2014 tulikaa kikao cha ukoo nyumbani Tandika. Ilikuwa miaka mitano tangu aanze, akiwa na miaka 19, nyuma ya gereji moja ambako vijana walikuwa wanavuta kokteli, yaani bangi iliyonyunyiziwa unga, ndiyo heroini. Kufikia kikao kile alikwishauza pasi, feni, viatu vya baba, na mtungi wa gesi. Mtungi aliuchukua maharage yakiwa jikoni. Tuliyakuta sakafuni, sufuria imefunikwa vizuri na juu yake kaweka kitambaa inzi wasiingie. Hata leo tukikumbuka tunacheka, ingawa siku ile mama hakucheka.

Kwenye kikao shangazi alisema kijana karogwa, apelekwe kunywa kombe. Baba mdogo, mzee wa maneno machache, akasema, "Huyu tatizo lake tabia. Na tabia haina dawa." Kikao kikaishia hapo, maana baba mdogo akishasema hakuna anayeongeza. Mimi nilimuunga mkono kimoyomoyo. Nilikuwa na orodha yangu tayari: mwizi, mwongo, mvivu, mbadhirifu, mkaidi, hana shukrani. Nilikuwa namwandikia ripoti kichwani kila nikimwona, na zote zilikuwa F.

Nimetumia miaka kumi kujua ni maneno gani katika orodha ile yalikuwa tabia yake kweli. Ndiyo maana naandika, maana najua kuna dada wengine huko wana orodha kama yangu.

Nianze na viti. Mwaka mmoja kabla ya kikao, mdogo wangu alichukua fedha za kikoba za mama, akanunua viti vya plastiki 14, akavipanga barabarani mbele ya nyumba kwa ajili ya mkutano. Mkutano wa nini? Wa kuanzisha kampuni ya usafiri wa baharini Dar mpaka Mtwara. Hakuwa amelala siku nne. Alikuwa anaongea mpaka mate yanakauka pembeni mwa mdomo, anagawa simu yake, anamkumbatia muuza maji. Majirani wakasema unga umempanda kichwani. Sisi tukakubali, kwa sababu unga tulikuwa tunaujua na kingine hatukukijua.

Lakini aliyewahi kukaa karibu na mateja anajua mtu aliyekolea unga anakuwaje. Anainama. Anasinzia akiwa amesimama, mgongo umepinda kama anatafuta sarafu chini, na haanguki. Huyu wetu alikuwa anakimbia. Unga haumkimbizi mtu. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yetu siku nne na hakuna aliyeliona, kwa sababu tulikwisha kuwa na jina la kila anachofanya.

Baada ya kikao mimi na mama tulimpeleka hospitali, bila kumwambia baba mdogo. Daktari wa magonjwa ya akili alitusikiliza, akampa haloperidoli ya kutuliza akili na ateni ya kuzuia kukakamaa, kisha akasema kitu kilichoniudhi sana. Alisema hawezi kusema kwa uhakika huyu ana nini mpaka amwone akiwa hajatumia unga kwa karibu mwezi mzima. Nilidhani ananikwepa. Baadaye nilijua ndivyo hata mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, ule wa DSM, unavyoshauri. Dalili nyingi za akili zinaweza kuletwa na dawa za kulevya zenyewe au na kuziacha, kwa hiyo unampa mtu muda kama mwezi hivi uone kinachobaki. Ukimpima haiba mtu aliye kwenye arosto, yale mateso ya kukosa unga, utakuta ana hasira, ana hofu, hana subira, hajali mtu. Umeipima arosto hapo.

Sasa mwezi msafi tutaupata wapi? Nikakopa, nikampeleka soba hausi, hizi ambazo serikali inaziita nyumba za upataji nafuu. Sitaitaja. Zipo nzuri, na hata hii kwa mambo mengine iliokoa watu. Ila ilikuwa na sheria moja: pale dawa ni dawa. Vidonge vya daktari vilichukuliwa getini siku ya kwanza pamoja na sigara na mkanda. Wakaniambia, dada, mtu safi ni safi, huwezi kuacha kilevi kwa kilevi kingine. Sikubisha. Mimi ndiye mwenye digrii, na sikubisha.

Siku kumi za kwanza zilikuwa za arosto, matapishi na kuharisha. Kisha akaanza kung'ara. Wiki ya tatu nilipokwenda kumwona nililia kwa furaha. Alikuwa kiongozi wa chumba. Aliamka saa tisa usiku kufagia uwanja mzima. Alitoa ushuhuda mpaka wageni kutoka soba hausi nyingine wakaja kumsikiliza. Msimamizi akaniambia hajawahi kuona mtu mwenye moyo wa kupona kama huyu. Wiki ya tano nikapigiwa simu nije nimchukue haraka. Usiku alikuwa amegawa magodoro manane kwa majirani kupitia juu ya ukuta.

Nilimrudisha kwa daktari yule yule na kumweleza: siku 34, mlango umefungwa, hakuna unga, na bado hivi. Daktari alimtazama mdogo wangu akizunguka kile chumba kidogo, akisoma kwa sauti kila bango ukutani, akasema, "Sasa nimemwona." Ndipo neno bipola likaingia nyumbani kwetu. Lawama yangu kwa nyumba ile haijaisha, lakini nikikaa nayo nakumbuka pia kwamba bila kosa lao tungekaa miaka mingine tukiulaumu unga peke yake.

Kwenye mkoba aliotoka nao kulikuwa na daftari la shule. Nyumba ile ilifuata zile hatua kumi na mbili zilizoanzia kwa walevi wa Marekani miaka ya 1930, na katika hatua ya sita mtu anajiandaa kuondolewa kasoro za tabia. Kwa hiyo walimwambia aziorodheshe. Kaandika kwa mwandiko wa mbio:

Mwongo. Mwizi. Naropoka. Napenda sifa. Simsikilizi dada. Silali.

Silali. Kaliweka katikati ya dhambi zake, kana kwamba kutolala siku tano ni utovu wa nidhamu. Nililikata karatasi lile na ninalo mpaka leo kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho.

Mwaka 2016 alishuka. Sisi nyumbani tunatumia maneno hayo, kupanda na kushuka, ni mafupi na mtoto yeyote anayaelewa. Alishuka wiki saba. Alikuwa amerudia unga kidogo, kisha hata huo akawa hana nguvu ya kuufuata. Alilala chumba cha uani uso ukutani. Akiitwa anaitika "naam". Akiambiwa oga, anaoga. Hajibu, habishi, haombi hela. Baba mdogo alikuja kumtazama akasema, unaona, ameanza kutulia, amepata adabu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipumua. Nilifikiri huyu ndiye mdogo wangu halisi amerudi.

Huyo hakuwa mdogo wangu halisi. Mdogo wangu halisi alipata D ya utii. Yule wa uani ungemjazia ripoti angetoka na A ya heshima na A ya utii, na ndani ya wiki zile zile alikuwa anafikiria kufa kila asubuhi. Aliniambia miaka miwili baadaye, tukiwa kwenye daladala, kwa sauti ya kawaida kama anataja kituo cha kushukia. Sonona inaweza kuvaa adabu. Kwa mtoto wa Kitanzania aliyelelewa kuitika "naam" hilo ni hatari, kwa sababu tunamsifu akizama.

Methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, alianza 2017. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala kisha Temeke, na sasa imefika mikoa mingine. Kwa asiyejua: kwa kawaida unakwenda kila siku, Jumapili na Idi pia, unapanga foleni, unakunywa dozi yako dirishani mbele ya muuguzi, unamwambia neno moja au mawili ili ajue umemeza, unaondoka. Hakuna utamu. Ni kwamba arosto haiji, na akili inapata nafasi ya kufikiria kitu kingine.

Mwezi wa pili wa methadoni, wizi ulikwisha. Namaanisha ulikwisha kama mafua. Nilikuwa naacha pochi mezani makusudi, najificha nyuma ya pazia kama mjinga. Hakugusa. Uaminifu B ya mwaka 2006 ilirudi yenyewe bila mahubiri, na orodha yangu ikapoteza neno la kwanza. Uongo ulichukua muda zaidi. Alikuwa amezoea kudanganya hata pasipo haja, ukimuuliza umekula nini anasema wali na kala ugali. Mazoea hujenga tabia, tunasema, na kubomoa nako kunataka mazoea yake. Uvivu nao ulikuwa nusu arosto na nusu haloperidoli.

Na sasa jambo ninaloona aibu nalo zaidi. Mwaka 2018 alianza kupanda tena. Hospitali moja, si ile anayonywea methadoni, ikampa kabamazepini, vile vidonge ambavyo wengi wetu tunavijua kama dawa ya kifafa. Kwa bipola vinasaidia, na alitulia kweli. Baada ya wiki mbili hivi akaanza kulalamika kwamba dozi ya methadoni haimfikishi. Jioni anapata arosto. Usiku analia miguu. Anaomba waongeze.

Sote tukaangaliana. Muuguzi akasema, mmeona, wakishazoea wanataka zaidi. Mama akasema subira hana tangu mdogo. Mimi nikasema mbele ya watu, "Acha uongo, tabia yako ya kutotosheka naijua." Alinitazama, akanyamaza. Siku ya tatu akanunua kete moja, ya kwanza baada ya miezi kumi na mmoja.

Aliyegundua ni mfamasia kijana, kwa swali moja tu: unameza dawa gani nyingine? Kabamazepini inaliamsha ini. Inalifanya litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja dawa, na methadoni ni mojawapo ya dawa zinazovunjwa na vimeng'enya hivyo. Dozi iliyokuwa inamtosha mpaka kesho yake asubuhi ikawa inaisha jioni. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya vivyo hivyo. Mdogo wangu alikuwa anasema ukweli mtupu, na ushahidi tulikuwa nao usoni: mboni za macho zimetanuka, vinyweleo vimesimama, anapiga miayo mfululizo. Mtu anaweza kuigiza maumivu. Mboni haiigizi.

Nafundisha Baiolojia. Nimefundisha vimeng'enya kwa miaka mingi, nimechora ini ubaoni kwa chaki za rangi. Sikufikiria ini hata dakika moja, kwa sababu tayari nilikuwa na neno la kumweleza, na neno likishapatikana hutafuti tena.

Walimbadilishia taratibu kwenda valproeti, dawa nyingine ya bipola, isiyoivuruga methadoni kwa namna hiyo. Nasema taratibu kwa sababu kama wangeongeza methadoni juu ya kabamazepini kisha kabamazepini ikaachwa ghafla, ini lingepoa na dozi kubwa ile ingeweza kumuua usingizini. Kama una ndugu anayekunywa methadoni, mfanye awe na karatasi yenye majina ya kila dawa anayomeza, aionyeshe kila dirisha anakopita. Watu wa dirisha la methadoni na watu wa kliniki ya akili mara nyingi hawaonani. Karatasi ndiyo inayozunguka.

Nikiwa kwenye mabenchi yale asubuhi nyingi nilianza kusoma kwenye simu. Daktari mmoja wa akili wa Marekani, Edward Khantzian, aliandika mwaka 1985 kwamba mtu hachagui kilevi ovyo, anachagua kinachotuliza maumivu yake hasa, na wa heroini mara nyingi wana ghadhabu na machafuko ndani. Nilimsomea mdogo wangu. Akasema, "Dada, kuna ukweli, unga ulinyamazisha kichwa. Lakini nyuma ya gereji ilikuwa unga tu. Wangekuwa na kitu kingine ningevuta hicho." Nadhani wote wawili wana haki.

Nilichokipenda zaidi ni cha Patricia Conrod, mtafiti aliyefanya kazi Uingereza na Kanada na vijana wa shule. Hasemi kuna tabia moja ya uraibu. Anataja nne zinazoongeza hatari, na kila moja ina njia yake: kukata tamaa, kuogopa hofu yenyewe, papara ya kutenda kabla ya kufikiri, na kupenda msisimko. Mdogo wangu nilimwona pale pale kwenye mbili za mwisho. Ni yule mtoto aliyeruka kutoka juu ya kontena akiwa na miaka minane ili aone ikoje, akavunjika mkono, na plasta ilipotolewa akarudi juu.

Lakini kwenye foleni kulikuwa na mama mmoja, mtu wa makamo, kinyume chake kabisa. Hasemi na mtu. Kadi yake ya kliniki kaiweka ndani ya nailoni, ndani ya bahasha, ndani ya pochi yenye zipu. Hajakosa siku hata moja. Alianza unga kwa sababu moyo ulikuwa unamwenda mbio mpaka akidhani anakufa, na mtu akampa aonje. Kwenye jedwali langu la shule mama yule ni uthabiti A, utii A. Naye aliitwa teja, akatukanwa matusi yale yale aliyotukanwa mdogo wangu. Sasa tabia ya teja ni ipi, ya huyu au ya yule?

Tafiti za haiba zina jibu lake la jumla. Wakipima makundi makubwa, wanakuta waraibu wengi wenye ugonjwa wa akili pia wana alama za juu kwenye mhemko, yaani wepesi wa kuumia, kuhofu na kukasirika, na alama za chini kwenye kile ambacho fomu yangu inaita uthabiti katika kazi. Sina ugomvi na hilo. Kule Dunedin, Nyuzilandi, walifuatilia watoto wapatao elfu moja waliozaliwa 1972 na 1973. Kujizuia kwao kulipimwa tangu wakiwa na miaka mitatu, na walimu pia waliulizwa. Mwaka 2011 wakaandika kwamba waliokuwa na shida ya kujizuia utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na matatizo ya vilevi ukubwani. Nilivyosoma kwamba walimu waliulizwa nikazikumbuka zile herufi zangu za saa kumi na moja jioni, nikaona haya. Lakini uwezekano si hukumu. Pale nyuma ya gereji walikuwa vijana wanne. Mmoja wao, mwenye papara kuliko wote, leo ni dereva wa lori la Tunduma na hajawahi kurudia kokteli baada ya ile ya kwanza. Alitapika, basi.

Kwa hiyo nini kimebaki? Unga umetoka, miaka sita sasa. Bipola imeshikwa, si kwamba imeondoka. Na mtu aliyebaki, niseme ukweli, anachosha. Hamalizi kitu. Amekuwa fundi simu, dalali wa vyumba, muuza juisi ya miwa, msaidizi wa fundi bomba. Anaazima watu hela ambayo hana. Anaingia msibani na ndani ya nusu saa wafiwa wanacheka. Anakubishia mpaka mswaki wako unauonea shaka. Uongozi A, ushirikiano A, utii D, uthabiti D, yuko vile vile alivyokuwa akiwa na miaka 16. Baba mdogo alikuwa sahihi kwa hilo, hiki hakina dawa, na mimi nilichelewa kukubali kwamba nilikuwa naisubiri methadoni initengenezee mtu mpole ambaye hajawahi kuwepo.

Tatizo ni kwamba uchangamfu wake na kupanda kwake vinaanza kwa sura moja. Mchangamfu na aliyepanda wote wawili wanakuja na wazo la biashara, wanacheka sana, wanaongea kabla hujaketi. Mwaka wa kwanza kila alipofurahi mimi nilimpigia daktari. Akawa ananificha furaha zake, na hilo likawa baya zaidi. Siku moja alinijia juu kwa hasira, akasema, "Mtu mwingine akipata wazo anaitwa mjasiriamali. Mimi nikipata wazo naongezewa kidonge." Mimi nami nina tabia zangu, bila unga na bila cheti cha hospitali. Kushika usukani wa kila mtu ni mojawapo. Mume wangu anaweza kuandika makala nyingine juu ya hilo.

Tulikubaliana swali moja tu. Si unajisikiaje, si umemeza dawa. Ni usingizi, lile neno lake la kwenye daftari. Anapopanda, kabla hela haijaanza kupotea na maneno hayajaanza kukimbia, usingizi hupungua naye hachoki. Nina haki ya kuuliza hilo, na yeye ana wajibu wa kulijibu bila kubisha. Mengine yote ni yake.

Juzi Jumamosi simu imelia saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa na fomu za ripoti mezani tangu jana yake. Alikuwa njiani kwenda kunywa dozi, anahema, nasikia kondakta nyuma anaita Buguruni. Ana wazo. Kuku chotara, vifaranga mia mbili, banda kashaliona, rafiki yake ana mashine ya kutotolea, kufikia Idi tutakuwa tunasambaza kwenye hoteli.

"Umelala?" nikamuuliza.

"Dada jamani."

"Saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Akavuta pumzi ya mtu aliyeonewa. "Saa nne mpaka saa kumi na moja."

Nikahesabu kwa vidole juu ya fomu. Saa saba. Nikahesabu tena.

"Haya," nikamwambia, "hilo banda liko wapi?"